NDEGE ZA JESHI NAZO ZIWE NA DAFTARI

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tufanyao kazi ya ukarani machimboni twalijua neno hili. Gunia lisipopimwa na kuandikwa, laibwa. Mtu asipotiwa kitabuni kabla ya kushuka, shimo likimfunika hakuna ajuaye. Tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa ilipoporomosha mashimo ya dhahabu kule Kamituga, ilihofiwa kwamba watu kama 50 wamekufa, na hesabu yenyewe ilikuwa ya kukisia.

Leo twataka kusema juu ya daftari la ndege, hasa ndege za mizigo za jeshi.

Watu huliita sanduku jeusi, ingawa lina rangi ya machungwa ili lionekane upesi porini. Kazi yake ni ile ya karani asiyelala. Kinasa kimoja huandika mwendo wa ndege, urefu wake angani, upande inakoelekea na nguvu ya injini, kwa saa 25 au zaidi. Kingine hunasa sauti za marubani. Vimejengwa kustahimili kishindo kikubwa na moto wa digrii 1,100 kwa muda wa saa moja. Ndege ikianguka, mafundi huvifungua na kusoma kilichotokea.

Yatupasa kuuliza: mbona jambo hili lawahusu wachimbaji na watu wa mjini? Lawahusu kwa sababu askari ni watoto wenu. Nchi yetu ni kubwa na barabara ni mbaya. Mwenye kupanda mlima wa Ngomo kutoka Kamanyola kwenda Bukavu hahitaji kuambiwa. Kwa hiyo askari, chakula chao na silaha zao husafirishwa kwa ndege, na mara nyingi jamaa zao pia hupanda juu ya mizigo.

Tukumbuke tarehe 8 Mei 2003. Ndege ya Ilyushin 76 iliyokodiwa ilitoka Kinshasa kwenda Lubumbashi, imebeba askari na jamaa zao. Mlango wa nyuma ukafunguka angani, watu wakavutwa nje. Ndege ilirudi Kinshasa, lakini hesabu za wafu hazikupatana: wengine walitaja watu chini ya 20, wengine zaidi ya 100. Tena tarehe 10 Oktoba 2019, ndege ya Antonov 72 ya jeshi letu iliyobeba mizigo ya safari ya Rais iliruka kutoka Goma kwenda Kinshasa. Saa moja hivi baadaye ikapotea, ikaangukia Sankuru. Ndani yake walikuwamo watu 8. Je, mjane wa askari hana haki ya kujua mumewe alikufaje?

Jambo hili halikuanza jana wala si la Kongo peke yake. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola alipokuwa akienda kuonana na Tshombe kwa ajili ya vita vya Katanga. Watu 16 walipoteza maisha. Zama zile vinasa vilikuwa bado havijaenea. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimpa Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa Tanzania wakati huo, kazi ya kupima upya ushahidi. Zaidi ya miaka 50 ilikuwa imepita, na watu walikuwa wangali wakibishana!

Na tarehe 10 Juni 2024, ndege ya jeshi la Malawi iliyombeba Makamu wa Rais Saulos Chilima ilianguka msituni, wakafa wote 9. Wachunguzi wa Ujerumani waliandika kwamba ndege ile haikuwa na kinasa cha habari za safari wala cha sauti. Pengo hilo lilijazwa na nini? Na uvumi.

Wakubwa watajibu kwamba Mkataba wa Chicago wa 1944 wahusu ndege za raia tu, si za jeshi. Ni kweli. Lakini kutolazimishwa si kukatazwa. Watasema pia kwamba adui ataiba siri. Sisi twajibu: habari hizo zifungiwe katika kabati la jeshi, siri ya vita ni jambo moja, na kuficha injini mbovu ni jambo lingine. Watasema hazina haina fedha. Basi wahesabu bei ya ndege moja iliyoanguka pamoja na watu wake, kisha walinganishe. Tena kinasa hakingoji maiti. Kikisomwa kila mara ndege itokapo safarini, chaonyesha injini inayopata moto kupita kiasi na rubani anayetua kwa kishindo, kabla ajali haijatokea.

Lakini tusidanganywe na ununuzi wa sanduku tupu. Ndege nyingi za zamani za Kisovieti zilitoka kiwandani na vinasa vyake. Kinasa kisichotunzwa ni chuma tu. Kwa hiyo twadai mambo manne. Kwanza, kila ndege ya mizigo ya jeshi iwe na vinasa vinavyofanya kazi, na iliyokodiwa isiyo navyo isibebe askari. Pili, pamoja navyo vinunuliwe vyombo vya kuvisoma, na vijana wetu wafundishwe kazi hiyo, tusipeleke kila sanduku Ulaya. Tatu, orodha ya majina ya abiria ibaki uwanjani kabla ndege haijaruka. Nne, ripoti ya ajali isomwe mbele ya Bunge, na jamaa za marehemu wapewe nakala.

Ndugu zetu, tarehe za ajali hizi ziandikeni. Siku wajumbe watakapokuja kuomba kura zenu, waulizeni juu ya mambo haya manne, moja baada ya jingine, wala msikubali kujibiwa kwa wimbo na ngoma.