Tundu moja, kazi zote

Wapendwa, tazameni ubavu wa kompyuta mpakato ya zamani. Matundu ni mengi, kila moja na kazi yake: hapa pa kuchaji, pale pa waya wa projekta, kule pa kadi ya kamera. Mwaka 2014 ukaja mtindo wa USB-C, tundu dogo linaloweza kuchaji, kupeleka picha na kuhamisha mafaili. Mwaka 2015 kampuni ya Apple ikatoa MacBook yenye tundu moja tu la aina hiyo, mbali na lile la kusikilizia sauti. Ilikuwa nyembamba na ya kupendeza, lakini aliyetaka kuchaji huku amechomeka flashi alihitaji kifaa kingine cha kuunganishia. Mwaka 2021 MacBook Pro mpya zikarudishiwa tundu la HDMI, la kadi ya kamera na la kuchajia.

Parokiani nako wapo waamini wa tundu moja. Mama mmoja ni mwenyekiti wa jumuiya, mweka hazina wa kigango, mwanakwaya, na ndiye anayepamba altare. Tunamsifu kwamba anaweza yote. Ni kweli anaweza, na hicho ni kipaji cha Mungu. Ila hawezi yote kwa wakati mmoja, wala kwa miaka yote. Tundu linalochomekwa na kuchomolewa kutwa hulegea, na likilegea kompyuta nzima huzimika, ingawa kwingine ni nzima. Mama huyo akiugua, jumuiya haikutani na hesabu hazisomwi. Na wakati wote huo, kwenye mabenchi ya nyuma wapo ambao hawajawahi kuombwa lolote.

Mitume walikutana na jambo hili (Mdo 6:1-7). Wajane walipokuwa wakisahauliwa katika mgao, Mitume hawakujiongezea mzigo. Waliitaka jumuiya ichague watu saba kwa huduma hiyo, wao wakabaki na sala na Neno. Kazi ilipogawanywa, Kanisa lilikua. Mtakatifu Paulo naye anatufundisha kwamba mwili mmoja una viungo vingi, na hata kinachoonekana dhaifu kinahitajika (1Kor 12).

Basi wiki hii kila jumuiya iorodheshe huduma zake na majina ya wanaozifanya. Jina likijitokeza mara tatu, mpunguzieni mwenzenu mbili, na mojawapo apewe kijana. Atakosea mwanzoni, mwelekezeni. Padre naye asikimbilie kila mara namba ya simu ileile.

Dominika njema.