Kamera ya Mbao Si Pambo la Mapokezi

Kuna hoja inanichosha, na ninaisikia kila nikibeba kamera yangu ya mbao kushuka nayo Kamanga: eti kitu cha zamani kibaki kama kilivyozaliwa. Usikibadilishie lenzi, usikitoboe, kiweke kwenye kabati la kioo. Mwenye hoteli mmoja hapa Mwanza ameshanitajia bei mara tatu. Anataka kuiweka mapokezi, pembeni ya maua ya plastiki.

Mimi nasema kamera isiyopiga picha ni sanduku. Hii yangu, ya bamba la nchi 4¾ kwa 6½, ilinifikia ikiwa na lenzi fupi iliyoota ukungu. Hiyo ndiyo asili ninayoambiwa niiheshimu?

Hebu geuzeni vitabu vyenu mtazame nyuma ya majalada. Mwandishi kapigwa kwa simu iliyomkaribia usoni: pua imetangulia, masikio yamekimbilia kisogoni. Kosa si la pua, ni la umbali. Bibi zetu kwenye picha za studio wametulia vile kwa sababu mpiga picha alisimama mbali nao. Lenzi ndefu ndiyo inayokuruhusu kusimama mbali na bado uso ukajaa. Kwa kamera yangu, nikitaka kichwa na mabega kwa lenzi ya milimita 165, lazima nisogee hadi sentimita 80 hivi. Kwa milimita 300 nasimama mita moja na nusu.

Hapo sasa watu hukimbilia mtandaoni kununua lenzi kubwa kuliko mfuko wao, na nina maana ya mifuko yote miwili: wa fedha, na ule wa kamera unaokunjuka kama kodiani. Ukipiga kisiwa cha mbali, lenzi ya 300 inataka mfuko unyooke sentimita 30. Ukipiga uso kwa karibu, inataka 37 na nusu. Wangu unaishia 40. Basi lenzi ya 450, hata nikipewa bure, si yangu. Pima kwanza kwa rula, bwana! Zipo lenzi za telefoto zinazoridhika na mfuko mfupi, lakini nyingi ni nzito, na mbao ya mbele ya kamera nzee huinama.

Yangu ni Apo-Ronar ya Rodenstock, f/9, niliyoitoa kwenye kamera ya uchapaji katika kiwanda kidogo kilichohamia kompyuta. Mabingwa wa asili wakaguna: hiyo ni ya kunakili karatasi, itafaaje nyuso? Itafaa. Fundi seremala wa Igogo alinichongea kibao kipya cha mninga, akakitoboa kwa kipimo cha lenzi. Kibao cha zamani kipo kwenye droo, hakina hata mkwaruzo. Sasa nani kaharibu nini?

Shata haina, wala siihitaji. Natumia karatasi ya picha badala ya filamu, ISO 6 hivi. Kwenye kivuli chenye mwanga mzuri, f/16, ni kama sekunde mbili: navua kofia ya lenzi, nahesabu, naivalisha.

Sitaficha aibu yake. Karatasi hiyo haioni wekundu, hivyo ngozi zetu hutoka nyeusi kuliko zilivyo. Picha ya kwanza ya rafiki yangu mshairi, niliyempiga kwenye mawe ya Capri Point, ilitoka kivuli kitupu. Alikasirika, na alikuwa na haki. Nikarudia kwa sekunde nne, kaegemeza kisogo kwenye jiwe asitikisike. Upepo wa ziwa ukaichezea kola yake, ikafifia kama moshi. Uso ukabaki, pua mahali pake, masikio mahali pake. Anaitaka hiyo nyuma ya diwani yake, kola na yote.

Mwenye hoteli kapiga simu tena jana. Nimemwambia Jumamosi nina kazi nayo.