TAZARA yatimiza miaka 50

Julai 14 mwaka huu wa 2026 Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia, TAZARA, inatimiza miaka 50 tangu njia yake ikabidhiwe rasmi kwa serikali za nchi hizi mbili. Mkoa wetu wa Mara haupitiwi na reli hiyo. Mtu wa Kabasa anayetaka kuipanda hana budi kwanza kushinda ndani ya basi hadi Dar es Salaam au Mbeya. Hata hivyo tunaihesabu kuwa yetu, kwa sababu aliyekubali lawama za kuijenga ni Mwalimu Nyerere, Mzanaki wa Butiama, aliyeanza shule Mwisenge hapa Musoma na kumalizia masomo yake Edinburgh.

Vijana wa leo huenda wasijue lawama zile zilikuwa nzito kiasi gani. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa imeegemea Magharibi. Sarafu yake ilifungamana na pauni ya Uingereza, ofisi kubwa za serikali zilikuwa bado na maofisa wengi Waingereza, na misaada ilitarajiwa kutoka London, Washington na Bonn. Kisha masharti yakaanza. Baada ya Muungano, Ujerumani Magharibi ilikasirishwa na ofisi ya Ujerumani Mashariki iliyokuwa Zanzibar, ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere akaiambia ichukue na uliobaki. Desemba 1965 akavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya walowezi wa Rhodesia waliojitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Kwa nchi maskini kama yetu, hizo zilikuwa fedha za kukosesha usingizi.

Zambia ilikuwa na hali mbaya zaidi. Shaba yake ilipita Rhodesia kwenda baharini, katika mikono ya watu ambao Rais Kaunda hakuweza kupatana nao. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kusema kwamba reli ya kwenda Dar es Salaam haina faida. Wataalamu wa Uingereza na Kanada walipima mwaka 1966 wakaona inawezekana, lakini hakuna serikali ya Magharibi iliyofungua mkoba. China ilifungua. Mwalimu alikuwa amekwenda Beijing Februari 1965, Waziri Mkuu wa China Zhou Enlai akaja Dar es Salaam Juni mwaka huohuo, na Septemba 5, 1967 nchi tatu zikatia saini. Mkopo ulikuwa yuani milioni 988, bila riba, ulipwe kwa miaka 30. Waliotoa fedha hizo nao walikuwa maskini, na jambo hilo tusiache kulisema.

Wengi huko nje waliandika kwamba Tanzania imehamia kambi ya Wakomunisti. Walikosea. Katika miaka ileile Waitaliano walitujengea bomba la mafuta la kwenda Ndola, na Wamarekani wakagharamia sehemu ya barabara kuu ya Zambia, ambayo kwa maeneo mengi inafuatana na reli. Dereva wa lori na dereva wa treni wanaonana Makambako hadi leo. Serikali ilipokea mkono wa kila upande, ikakataa kuambiwa upande gani usipokewe.

Kazi ilianza Oktoba 1970. Kati ya Mlimba na Makambako, milima na matope yalitaka mahandaki na madaraja mfululizo, na maelfu ya vijana wetu walilala mahemani pamoja na mafundi wa Kichina. Mishahara yao ilipatikana kwa mpango ambao umesahaulika: bidhaa za China zililetwa kwa mkopo, zikauzwa madukani, na shilingi zikalipa gharama za ndani. Kilometa 1,860 zilikamilika kabla ya muda uliopangwa. Wachina zaidi ya 60 walifariki, na wengine wamezikwa nje kidogo ya Dar es Salaam. Watanzania na Wazambia nao walikufa kazini, na majina yao yanastahili kuandikwa kwa heshima ileile.

Urafiki ule haukuishia relini. Oktoba 25, 1971 Umoja wa Mataifa ulipoipa Beijing kiti chake, Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliopeleka azimio, na balozi wetu Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 29, alishangilia waziwazi ukumbini. Marekani ilichukia.

Sherehe za mwaka huu zisifiche makovu. Reli iliyojengwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka ilibeba pungufu ya tani laki moja mwaka 2014/15. Njia za kusini zilifunguka baada ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini kuanguka, malori yakachukua shaba, injini zikafa bila vipuri, wafanyakazi wakakaa miezi bila mishahara. Na bado wakulima wa mpunga wa Mlimba na Ifakara waliitegemea hata ilipochelewa. Kwetu sisi, hao ndio waliofanya reli hii iishi.

Mwaka 2025 serikali zetu ziliikabidhi kampuni ya Kichina ya CCECC kuiendesha kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Tunaupokea mpango huo kwa matumaini, ila haufanani na ule wa 1967. Wakati ule tulikopa, tukajengewa, tukaendesha wenyewe. Safari hii mwekezaji atarudisha fedha zake kwa nauli na shehena. Kwa hiyo Bunge lidai kuona viwango vya nauli ya abiria wa daraja la tatu, na idadi ya mabehewa yatakayosimama vituo vidogo. Lidai pia mafunzo. Mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea uhandisi wa reli, na ndio walioirithi kazi. Mkataba mpya nao utaje ni vijana wangapi watasomeshwa, katika fani zipi, na mwaka gani Mtanzania au Mzambia atakaa tena kwenye kiti cha mhandisi mkuu.