Binti Asisafiri Kutafuta Siri



Hivi karibuni tulivuka bahari, tukapanda treni ya umeme Dar es Salaam na kushuka Ngerengere, mkoani Morogoro, kwenye harusi ya ndugu yetu. Harusi ilikuwa njema, alhamdulillah. Lakini usiku wa hina, binti mmoja wa miaka 17 alitusogelea, akauliza kwa sauti ya chini: "Dada, nikienda Morogoro mjini kupima virusi, wataniambia nimlete mama?"

Tukamuuliza kwa nini asipime hapo hapo kwao. Akajibu: "Hapa nikikaa kwenye benchi tu, habari inafika nyumbani kabla yangu."

Hatukumuuliza kwa nini anataka kupima. Tulimjibu alichouliza. Mwaka 2019 Bunge lilirekebisha sheria ya UKIMWI ya Tanzania Bara ya mwaka 2008, na umri wa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi ukashuka kutoka miaka 18 hadi 15. Marekebisho hayo yaliruhusu pia mtu kujipima mwenyewe. Kwa hiyo sheria imeshamfungulia binti yule mlango. Wanaomfungia ni sisi, kwa macho yetu na midomo yetu.

Kipimo chenyewe ni tone la damu na majibu ya dakika chache. Dawa za kufubaza virusi hutolewa bure. Kinachokosekana ni sitara. Mji mdogo kila mtu ni jirani wa mtu: anayeandika daftari anasali na shangazi yako, na anayefagia anamjua baba yako. Kijana akishaona hivyo huahirisha, na ugonjwa haumngoji.

Tunajua baadhi yenu mtasema tunafungua mlango wa zinaa. Hapana. Zinaa ni haramu jana, leo na kesho, na hatuna ruhusa ya kulipunguza hilo. Lakini kujua hali yako si zinaa. Wapo vijana waliozaliwa na virusi, wamekuwa, sasa wanaposwa. Wapo waliobakwa wakanyamaza, na dawa ya kinga huwafaa wakiwahi ndani ya saa 72 tu. Wapo waliokosea wakatubu. Wote hawa tuwafukuze dirishani? Dini yetu imetufundisha kulinda nafsi na kumsitiri ndugu, na Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao.

Tunachoomba si kikubwa. Vituo vitenge saa za vijana, mchana baada ya shule, na wapimaji wa VVU wapite mlango ule ule wa wenye homa, asijulikane nani kaja kwa lipi. Anayehudumu ajue kwamba jina la mgonjwa ni amana, na akiivunja awajibishwe. Vipimo vya kujipima vipatikane kwa urahisi, na kijana aelezwe kwamba jibu lolote la kuwa na virusi lithibitishwe kituoni.

Na sisi kina mama tuna kazi yetu. Waluguru walimweka mwali ndani akafundwa na kungwi. Huku kwetu visiwani tuna somo. Somo huyo anajua kumfundisha bibi harusi kujisinga na liwa na kumtuliza mume. Aongeze na haya: magonjwa ya zinaa yanavyojificha bila dalili, pa kupimia, na namna ya kumwambia mchumba "tukapime". Wala asingoje wiki ya harusi, maana binti wa Ngerengere hakuwa na mchumba bado.

Nanyi mabibi harusi, pimeni kabla ya nikaha, nyote wawili. Tumezoea mke kupimwa akiwa na mimba, na mume akahesabu jibu la mkewe kuwa lake. Si lake. Majibu yakitoka ni ya wawili hao, si ya kamati ya harusi wala ya mawifi. Na yakija na virusi, si lazima posa ivunjike. Anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hawaambukizi wenzake kwa tendo la ndoa, na kwa uangalizi wa kliniki hupata watoto wazima, kwa idhini ya Mola. Linalovunja ndoa ni kufichana.

Tulimwachia binti yule namba yetu ya simu, tukamwahidi atakayekwenda naye. Lakini haifai afunge safari mpaka Morogoro mjini kutafuta siri aliyostahili kuipata mtaa wa pili.

Wabillahi tawfiq.