Kabla ya Harambe ya Florida, Wapelekeni Watoto Lamu

Katika nyumba zetu za Pwani siku hizi limezuka shauri ambalo wazee wetu hawakulijua. Zamani jamaa wakifunga mizigo, ilikuwa ni kwa safari ya arusi, ya tanzia, ya Maulidi Lamu, au, kwa aliyejaliwa, ya Hija. Sasa kuna safari ya kwenda kucheza. Mtoto wa nyumba akipata kazi Ghuba au Ulaya, na akiba ikakaa vizuri, swali la kwanza analolipata kwa wanawe ni: "Baba, tutakwenda lini Disney?"

Shauri hilo limeingia nyumbani kwangu pia. Mwanangu, anayefanya kazi Ghuba, amenuia kuwapeleka wanawe watatu Florida, huko Marekani, pamoja na mama yao, bibi yao na mimi. Tutakuwa watu saba. Kwa kuwa mimi ndiye nishindaye na makaratasi, nimetwishwa kazi ya kuipanga safari hiyo, na katika kuipanga nimefikia rai ambayo napenda kuwatolea wasomaji, kwani wenye wajukuu tu wengi. Rai yangu ni kwamba twende, wala hapana ubaya kwenda, lakini mtoto wa Pwani asifikishwe Florida kabla hajafikishwa Lamu. Sababu nitaieleza. Kwanza natuitazame safari yenyewe, maana jambo lisilojulikana haliwezi kupimwa.

Pahali penyewe paitwa Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando. Palifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, karibu miaka mitano baada ya kufa Walt Disney mwenyewe. Nduguye, Roy, ndiye aliyeisimamia kazi mpaka milango ikafunguliwa, naye akafariki Desemba ya mwaka uo huo. Asidhani mtu kwamba hapo ni mabembea kama yale ya siku za Idi uwanjani Makadara. Ardhi yake ni kiasi cha kilomita 100 za mraba. Kisiwa cha Mombasa chaingia humo mara kadhaa na nafasi ikabaki. Ndani mna bustani nne kubwa: Magic Kingdom ya 1971, EPCOT ya 1982, ya tatu ya mambo ya sinema iliyofunguliwa 1989, na Animal Kingdom ya 1998. Kila moja yataka siku yake nzima. Aendaye kwa siku mbili atarudi na uchovu tu.

Tuanze na fedha. Ada ya kuombea viza ya matembezi ya Marekani ilipandishwa mwaka 2023 ikawa dola 185 kwa kila kichwa, na mtoto wa kunyonya naye huhesabiwa. Kwa watu saba ni dola 1,295, nazo hazirudi hata ukinyimwa. Basi asinunue mtu tiketi ya ndege kabla ya viza kugongwa. Tangu Oktoba 2018 kuna ndege ya Kenya Airways ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, saa kiasi cha 15 angani, kisha ndege nyingine ya saa kiasi cha tatu hadi Orlando. Kiingilio chenyewe mwaka 1971 kilikuwa dola tatu na nusu kwa mtu mzima, na michezo ikilipiwa mbali. Mwaka 2015 kiingilio cha siku moja katika Magic Kingdom kilivuka dola 100, na sasa bei hugeuka kwa tarehe: siku ya watu wengi ghali, siku ya watu wachache nafuu. Mtoto wa chini ya miaka mitatu haingii katika hesabu, na aliyetimiza miaka kumi hulipiwa kama babake.

Kuna na mambo ya foleni. Tangu 1999 palikuwa na utaratibu wa bure wa kuwekea nafasi ili mtu asisimame muda mrefu. Utaratibu huo uliondoka, na kuanzia Oktoba 2021 anayetaka kupita mbele hulipa zaidi. Kwa hivyo mjukuu atasimama juani, amwone mtoto mwenzake akipita kando kama mwana wa sultani, naye atauliza kwa nini. Jawabu la swali hilo litayarishwe nyumbani. Vilevile watoto wapimwe vimo kabla ya kuahidiwa lolote, kwa sababu michezo mingine ya magari ya kasi humkataa aliye chini ya sentimita 112, na machozi ya mlangoni hayana dawa.

Wakati nao uchaguliwe. Likizo yetu ya Agosti huko ni joto la kuchemka na mvua za radi za alasiri, na miezi ya Juni hadi Novemba ni ya tufani. Desemba ya mwisho ndiyo msongamano wa mwaka mzima. Mimi nimechagua wiki za mwanzo za Novemba, skuli zetu zikifungwa: tufani zimepungua, jua limepoa, na wenyeji hawajaanza sikukuu zao.

Kuna wanaouliza: je, yafaa kwenda Disney na Hija hujaifanya? Nilivyosomeshwa chuoni, katika madhehebu yetu ya Shafii Hija yaweza kucheleweshwa na mwenye azma ya kuitimiza, lakini uhai hauna mdhamini. Fatwa nawaachia masheikh. Langu ni kwamba safari ya mchezo isiendewe kwa deni, wala isile fedha iliyokwisha kutengwa kwa nyumba ya Mwenyezi Mungu. Mwanangu nimemwambia hivyo, naye amekubali.

Kuhusu sala, wengi hujipa moyo kwamba msafiri hupunguza na kukusanya. Ni kweli, lakini Shafii ana mpaka wake: anuiaye kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia wala ya kutoka, huyo amekwisha kuwa mkaazi. Nasi tutakaa siku nane. Basi Adhuhuri itasaliwa kwa wakati wake, na Alasiri kwa wakati wake, na ratiba ya michezo ndiyo itakayoifuata sala. Kibla nacho kiangaliwe. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja, ndiyo maana sisi huelekea kaskazini. Orlando kibla ni kaskazini-mashariki. Ama chakula, mikahawa iulizwe mapema kabla ya safari, na hata peremende zichunguzwe, kwani nyingine hutiwa gelatini ya nguruwe. Kwa watu saba, kukodi nyumba yenye jiko ni bora kuliko vyumba vya hoteli. Bibi yao atapika wali wake, na uji wa asubuhi hautakuwa na shaka.

Yote hayo ni matayarisho, na yeyote mwenye subira aweza kuyafanya. Sasa nije katika lile lililonifanya nishike kalamu.

Katika bustani ile ya nne, Animal Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, kumejengwa mji ukaitwa Harambe. Neno ni letu, ila limepunguzwa herufi: ile e ya mwisho, ambayo wachukuzi na mabaharia huivuta pamoja na kamba, haipo. Mji huo haumo katika ramani yoyote ya Afrika, ni wa kubuni. Mfano wake ndio haukubuniwa. Waliousanifu, wakiongozwa na Joe Rohde, walisafiri Afrika Mashariki, wakaitazama Lamu, wakaifanya kielelezo chao. Waliziiga kuta zilizobambuka chokaa, rangi zilizopauka kwa jua, na mabango ya Kiswahili. Ukutani kumeandikwa "Uhuru 1961", kana kwamba mji ule nao una tarehe yake. Kuna duka liitwalo Mombasa Marketplace, kibanda cha vitamutamu kiitwacho Tamu Tamu, na baa iitwayo Dawa. Ukitoka hapo wapanda gari la kutazama wanyama, na safari yenyewe yaitwa Kilimanjaro. Wanyama ni wa kweli. Mibuyu ni ya saruji.

Sina chuki na ufundi huo. Fundi aliyeiga vizuri asifiwe kwa mkono wake, na nakiri kwamba watu wale waliutazama ufa wa ukuta wetu kwa makini kuliko tuutazamavyo sisi. Wao wamegharimika kuutengeneza ufa ule kwa makusudi, huku sisi katika miji yetu ya kale twazibomoa nyumba za matumbawe na kupandisha ghorofa za matofali ya saruji, tukiita ni maendeleo. Hapo hatuna wa kumlaumu.

Lakini mtazameni mtoto. Mji wa Lamu una misikiti zaidi ya ishirini; katika Harambe hapana muadhini. Lamu kuna chuo ambacho sauti za wana husikika njiani, kuna punda anayekupisha ukutani, kuna bibi kizee atakayemsimamisha mtoto asiyemjua na kumuuliza yeye ni mwana wa nani. Na dawa, kwetu, ni kitu cha kumponya mtu. Mtoto aliyeiona Harambe kwanza, siku atakapofikishwa Lamu atasema: "Babu, huku kumefanana na Disney." Neno hilo ndilo niliogopalo. Likishatoka kinywani mwa mtoto, kwake Lamu imekwisha kuwa nakala, tena nakala chafu isiyo na mataa.

Iko njia nyingine ya kuonyeshwa ulimwenguni, na mfano wake u pale pale. Katika EPCOT kuna sehemu ya Morocco, iliyofunguliwa mwaka 1984. Mfalme Hassan II alipeleka mafundi wake mwenyewe kutoka Morocco wakakata vigae kwa mikono yao, na mnara wa msikiti wa Koutoubia wa Marrakesh ukasimamishwa mfano wake hapo. Wamorocco walijieleza. Sisi tumeelezwa na wengine. Hata maneno yetu yamekwenda bila sisi: "Hakuna Matata" iliombewa alama ya biashara na kampuni ya Disney mwaka 1994, ikasajiliwa Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya fulana, na watu wakaja kupiga kelele mwaka 2018, miaka kumi na mitano baadaye. Aliyelala usimwamshe, husema wahenga, ukimwamsha utalala wewe. Sisi tumelala wenyewe bila kubembelezwa.

Wako watakaoniambia kwamba watoto wataka michezo, na kwamba kuwapeleka kutazama kuta kuukuu ni kuwachosha. Nami nawajibu kwamba mtoto huchoshwa na ukuta asiposimuliwa. Mjini Lamu hapana bembea la umeme, lakini kuna kupanda mashua, kuna kuogelea Shela, kuna ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 yenye giza la kutosha kumtia mtoto hadithi za mwezi mzima. UNESCO iliuingiza mji huo katika urithi wa dunia mwaka 2001, mji mzima wa kale ambao hauzidi hekta 16. Ukiingiza hekta hizo 16 katika ardhi ya Disney, utazitafuta zilipo. Lakini watu wameishi hapo bila kukoma kwa zaidi ya miaka 700.

Hivyo basi mpango wangu una safari mbili, na ya kwanza haina viza. Likizo ya Aprili, Inshallah, wajukuu watapanda basi hadi Mokowe, kisha boti. Watakaa siku tatu. Watayagusa matumbawe kwa viganja vyao, watazihesabu boriti za dari, watasoma nakshi za mlango, watasali jamaa na wenyeji. Gharama yote ya siku hizo, kwa hesabu niliyoipiga, haifikii ile ada ya viza peke yake.

Novemba ikifika, tutakwenda Florida kwa moyo mkunjufu, na pale Harambe wajukuu nitawapa kazi. Mkubwa atazame milango aniambie ipi imepatia na ipi imekosea. Wa pili asome mabango, asahihishe Kiswahili chake. Mdogo ana miaka miwili. Yeye atazame twiga. Watacheka, watakula barafu, watapanda magari ya kasi kama watoto wa watu wote. Tofauti ni kwamba wataingia katika mji ule kama mwenye mali anayekagua nakala ya hati yake, wala hapana atakayewafundisha kwao ni kuzuri au kubaya.

Kwa wazazi wenzangu wanaoweka akiba sasa, naacha ubeti huu:

Uendapo safarini, ukawapeleka wana,
Waonyeshe kwao pwani, asili wapate ona,
Wakifika ugenini, ni kivuli watanena,
Mti wakiutambua, hawadanganyiki tena.