Kabla ya kulipia jimu mtaani, pima haya kwanza

Kila mwaka mpya unapoingia, mabango ya majumba ya mazoezi huzagaa Buruburu, Umoja, Donholm, Kayole na kando ya barabara ya Outering. Lipa mwaka mzima upunguziwe bei. Ondoa kitambi kwa mwezi mmoja. Nasi madaktari wa mitaa hii huanza kuulizwa swali lile lile: "Daktari, nijiunge na jimu gani?"

Ni swali jema, na anayeliuliza anastahili kupongezwa. Hata hivyo, aghalabu mwulizaji huwa tayari ameshavutiwa na vioo, muziki au kifua cha mkufunzi aliyempokea mlangoni. Hayo hayatibu presha. Maoni yangu ni kwamba jimu bora kwako, msomaji, ni ile utakayokuwa ungali unaiendea mwezi wa Julai, na ambayo haitakurudisha kwangu ukiwa mgonjwa kuliko ulivyoingia.

Je, unaihitaji?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Wastani maana yake ni kwamba unahema lakini unaweza kuzungumza, ingawa huwezi kuimba.

Mtu anayetembea kwa kasi kutoka Kayole hadi kibaruani Industrial Area, kisha akarudi kwa miguu, amekwisha kutimiza sehemu kubwa ya agizo hilo bila kulipa shilingi. Huyo asidanganywe kwamba afya inauzwa jimu peke yake. Anachohitaji ni kuimarisha misuli kidogo, na hilo aweza kulifanya chumbani mwake kwa kuchuchumaa na kuinuka, na kwa kupiga pushapu.

Lakini yule anayeketi ofisini tangu asubuhi, akaketi tena kwenye matatu saa mbili katika msongamano wa barabara ya Jogoo, kisha akateremka na kununua chipsi na soseji kabla ya kuingia nyumbani, huyo ana haja kubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa maishani mwao. Ndiyo maana nasema kituo chako cha kwanza kisiwe jimu. Kiwe ni mahali pa kupimwa presha, iwe ni zahanati ya mtaa au duka la dawa lenye mtaalamu aliyehitimu. Ikipita 140 kwa 90 kila unapopimwa, mwone daktari. Ikifika 180 kwa 110, usiguse chuma chochote mpaka utibiwe.

Pima umbali kwanza

Huenda ukashangaa kwamba daktari anaanza na nauli badala ya mashine. Nimewaona wengi waliolipia jimu ya kifahari ng'ambo ile ya jiji, wakaenda wiki tatu, kisha mvua ikanyesha, nauli ikapanda, na mkoba wa mazoezi ukageuka kuwa mahali pa kuwekea nguo za watoto. Jimu iliyo dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani kwako, hata ikiwa na vyuma vya kuunganishwa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji, itakufaa kuliko ile ya marumaru inayohitaji matatu mbili.

Misuli haijui kama uzito umetoka ng'ambo au ni mkebe uliojazwa saruji. Uzito ni uzito. Unachopaswa kuangalia katika vyuma vya jua kali ni kama vimechomelewa imara, kama kuna kizuizi cha kufanya vyuma visichomoke kwenye mtaimbo, na kama benchi inayumba ukiilalia. Yumba ni yumba, hata mwenye jimu akikuapia kwamba haijawahi kumwangusha mtu.

Pima hewa na jengo

Usiende kukagua jimu saa nne asubuhi wakati hakuna mtu. Nenda saa moja jioni, saa ambayo wewe mwenyewe utakuwa ukienda. Ingia, simama katikati, uvute pumzi. Je, madirisha yanafunguka? Je, hewa inapita, au ukuta unatiririka jasho?

Sisemi hivi kwa ajili ya harufu. Kenya ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na ugonjwa huo huenea kwa hewa, hasa katika chumba kilichofungwa chenye watu wengi wanaohema kwa nguvu. Dirisha lililo wazi ni kinga isiyogharimu chochote. Nawe ukiwa na kikohozi kilichozidi wiki mbili, usiende jimu, nenda ukapimwe. Matibabu ya kifua kikuu ni bure katika hospitali za umma.

Tazama pia sakafu na benchi. Choa na majipu hupenda jasho la pamoja. Jimu nzuri huwa na kitambaa na dawa ya kupangusia benchi baada ya kila mtu, na wenyeji wake hupangusa bila kusukumwa. Beba taulo yako mwenyewe, wala usimwazime mtu.

Kisha inua macho utazame jengo lenyewe. Jimu nyingi za Eastlands ziko orofa ya juu kabisa, ambako kodi ni nafuu. Sote twakumbuka usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la orofa lilipoporomoka Huruma na kuwaua zaidi ya watu 40. Sitaki kumtisha mtu. Lakini ukiona nyufa kwenye nguzo, ukisikia sakafu ikitetemeka kila chuma kinapoangushwa, au ukikuta ngazi ni moja tu, nyembamba, nayo imezibwa kwa makreti ya soda, geuka urudi. Hakuna punguzo la bei linalofidia hilo.

Mpime mkufunzi

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mkufunzi mwema hutambulikana kwa maswali yake kuliko kwa mikono yake. Kabla hajakukabidhi chuma, anapaswa kukuuliza: Je, una presha, kisukari au pumu? Umewahi kuumwa na kifua au kuzirai ukifanya kazi ngumu? Unatumia dawa gani? Uliwahi kuumia mgongo au goti? Kwa mama: Je, una mimba, au umejifungua karibuni?

Maswali hayo si umbea. Mwenye kisukari anayetumia insulini aweza kuishiwa na sukari katikati ya mazoezi, atetemeke, achanganyikiwe na kuanguka. Yafaa awe na juisi au peremende karibu, na mkufunzi ajue. Mwenye pumu anapaswa kuja na kipulizo chake. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao umeenea zaidi katika jamii za Magharibi, Nyanza na Pwani, hapaswi kusukumwa mpaka achoke kabisa wala kuachwa akauke maji. Mwenye presha hapaswi kuziba pumzi anapoinua chuma, kwa kuwa kufanya hivyo hupandisha presha ghafla. Toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha.

Ukimkuta mkufunzi asiyeuliza lolote, anayempa mgeni mazoezi mazito siku ya kwanza huku akipaza sauti kwamba maumivu ni ishara ya udhaifu kutoka, muage kwa heshima. Mwili usiozoea ukilazimishwa kupita kiasi, misuli yaweza kuvunjika ndani kwa ndani na takataka zake zikaziba figo. Dalili zake ni maumivu makali yasiyo ya kawaida, kuvimba, na mkojo wenye rangi ya strungi. Ukiona mkojo huo, usingoje kesho. Kimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Muulize pia mkufunzi, bila haya: "Mtu akianguka hapa na moyo ukasimama, mtafanya nini?" Jibu sahihi ni kwamba mmoja ataita msaada na gari huku mwingine akikandamiza kifua katikati kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma. Jibu la "hapa hakuna aliyewahi kuanguka" si jibu.

Kaunta ya poda na sindano

Tazama kinachouzwa kaunta. Maji na ndizi ni dalili njema. Mikebe isiyo na alama ya shirika la ubora wa bidhaa, au tembe zilizofungwa kwenye karatasi bila jina, ni dalili ya kuondoka.

Vijana wetu wanadanganywa kwamba kifua hakijengeki bila poda. Omena, mayai, maziwa, maharagwe na ndengu zina protini ya kumtosha kijana wa Dandora anayeinua vyuma mara tatu kwa wiki, tena kwa bei anayoimudu. Sindano na tembe za homoni za kukuza misuli ni hatari kabisa. Hupunguza mbegu za kiume na kusinyaza korodani, huweza kumwotesha mwanamume matiti, huharibu ini na kuuchosha moyo. Barubaru anayetafuta umbo la kumvutia mchumba asije akalipata umbo akapoteza uzazi.

Akina mama wasisahauliwe

Akina mama wengi huniambia kwamba wangependa kufanya mazoezi lakini jimu ya mtaani imejaa vijana wanaotazama. Nawasihi wasikubali kuambiwa kwamba wao ndio wenye haya. Jimu isiyo na mahali pa kubadilishia nguo panapofungika, isiyo na choo safi, au ambayo mwenyewe huchekelea maneno machafu ya wateja wake, haijastahili pesa ya mwanamke. Uliza kama kuna saa za akina mama au mkufunzi wa kike. Tazama pia njia ya kurudi nyumbani: je, ina taa saa mbili usiku? Akina mama watatu wa ploti moja wakienda pamoja, huwa salama zaidi, na pia ni vigumu zaidi kwa mmoja wao kuacha.

Usilipe mwaka mzima

Wenye jimu hawatanipenda kwa neno hili. Lipa siku moja kwanza ujaribu. Kisha lipa mwezi. Ukimaliza miezi mitatu bila kuacha, hapo waweza kufikiria mkataba mrefu. Malipo ya mwaka mzima huifaa jimu kuliko mteja, kwa sababu wengi huacha mapema na pesa zao hubaki. Ukilipa, dai risiti na masharti kwa maandishi, hasa kuhusu itakuwaje ukiugua, ukihama mtaa, au jimu yenyewe ikifungwa. Mwenye jimu anayekataa kuandika anachokuahidi kwa mdomo amekwisha kukujibu.

Wajibu wa kaunti

Nimalizie na neno kwa wakuu wa jiji. Eastlands haikuanza kufanya mazoezi juzi. Mabondia wengi waliovaa jezi ya Kenya walijifunzia ngumi katika kumbi za umma za mitaa hii, Muthurwa, Pumwani na Kariobangi zikiwa baadhi yake. Kumbi za kijamii za Kaloleni, Jericho na kwingineko zina sakafu ya chini kabisa, madirisha makubwa na nafasi ya kutosha, mambo yale yale ninayomwambia msomaji ayatafute. Hazihitaji mashine za kutoka ng'ambo. Zinahitaji taa, maji, choo kinachofanya kazi, mkufunzi anayelipwa mshahara, na mlango unaofunguliwa jioni badala ya kukodishwa kila mara kwa harusi na mikutano. Gharama ya kufanya hivyo ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kumtibu mtu aliyepooza kwa kiharusi akiwa na miaka 45, mwenye watoto shuleni.

Hadi siku hiyo ifike, chaguo ni lako, msomaji. Pimwa presha wiki hii. Kisha tembelea jimu mbili au tatu zilizo karibu nawe, saa za jioni, ukiwa na maswali haya mfukoni. Inayoyajibu vizuri ndiyo yako, hata kama haina kioo hata kimoja.