Ndoto Haifuti D ya Biolojia

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, yanapotoka, kauli moja huzunguka Kitale na Bungoma: "Wewe omba tu KMTC, Mungu hashindwi." Kijana ana D+ ya jumla na D ya Biolojia, lakini anahimizwa kuomba diploma ya uuguzi katika KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, kwa kuwa kampasi iko hapahapa mjini, na kuna mtu anayejuana na mtu wa ndani. Watu huita huko kumtia moyo mtoto. Ni kumwibia mwaka, na mara nyingi pamoja na mahindi ya wazazi wake.

Diploma ya uuguzi inadai gredi ya jumla ya C, pamoja na masharti ya masomo, yakiwemo C katika Biolojia na C katika Kiingereza au Kiswahili. Maombi hupitia mtandao wa KUCCPS, taasisi ya kugawa nafasi za vyuo, ambao hupanga watu kwa gredi na nafasi zilizopo. Hakuna mahojiano ya kumweleza mtu jinsi ulivyolelewa kwa shida, wala barua ya mchungaji haifiki popote. Kila chaguo unalolipeleka kwenye kozi usiyoifikia ni chaguo uliloinyima kozi ambayo ingekupokea.

Hapo ndipo anapojitokeza wakala. Anataka pesa ya "kufungua faili", na baba anauza magunia ya mahindi aliyoyaweka kwa ajili ya karo, au mama anatoa malipo ya miwa. Tuseme hata mlango ukafunguka. Mwanafunzi wa uuguzi lazima aandikishwe na Baraza la Wauguzi la Kenya, nalo huangalia cheti chake cha KCSE. Bila kuandikishwa huko hafanyi mtihani wa leseni, na bila leseni hashiki sindano katika hospitali yoyote. Rushwa iliyolipwa getini haimfikishi wodini.

Wapo watakaosema kwamba mtoto wa jirani aliingia na gredi ndogo. Muulizeni aliingia kozi gani. Kozi za cheti zina viwango vya chini kuliko diploma, na watu huzichanganya makusudi wanapotaka kujisifu.

Kiini cha balaa hili ni aibu. Tumewaaminisha watoto kwamba aliyekosa chuo cha fahari ameanguka. Katika KCSE ya 2024, kati ya watahiniwa 962,512, waliopata C+ na kuendelea, yaani kiwango cha kujiunga na shahada, walikuwa 246,391. Ni kama robo. Je, robo tatu ya vijana wa Kenya ni takataka?

Kitale National Polytechnic ipo. Chuo cha ufundi cha Sang'alo kipo Bungoma. Mfumo wa vyuo vya ufundi hupokea C- kwa diploma na D kwa cheti, na hata mwenye E ana kozi za ufundi za kuanzia. Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Kitaaluma ya 2014 ilitungwa ili mtu apande ngazi, cheti hadi diploma hadi shahada. Anayeanza na umeme, kilimo au ujenzi leo hajafungiwa chuo kikuu.

Na yule ambaye moyo wake haukubali chochote ila uuguzi? Njia halali ipo: ajisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi, arudie KCSE, afikie C ya jumla, aiandame Biolojia mpaka impe C. Ni njia ngumu na inachosha, lakini mwisho wake ni leseni.

Wazazi wa Trans Nzoia na Bungoma, kabla hamjagusa gunia hata moja, kaeni na mtoto mkiwa na karatasi ya matokeo mkononi. Someni masharti ya kozi somo kwa somo. Akitokea mtu wa kuwauzia nafasi, mfukuzeni, kisha mumpeleke mtoto wenu chuo kinachomtaka.